Usalama wa bomba umo kwenye udongo unaolifunika

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 40 za sentigredi huanza kuwa mazito, na yakiachwa yapoe zaidi huganda. Ndiyo sababu bomba la kuyatoa Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga limesanifiwa kuyaweka kwenye joto la nyuzi 50 au zaidi njia nzima. Njia yenyewe ni kilomita 1,443, kati yake 296 zikiwa Uganda na 1,147 Tanzania. Bomba ni la chuma, kipenyo chake inchi 24, limevikwa povu la kuhifadhi joto na juu yake gamba la plastiki ngumu, kisha hufukiwa ardhini. Wengi wanalijua kwa jina la EACOP.

Mengi yamesemwa juu ya mradi huu: fidia za ardhi, mazingira, mgawanyo wa hisa, bei ya mafuta duniani. Mijadala hiyo ni halali na inapaswa kuendelea. Lakini yapo mambo ambayo hayasikiki kwenye mijadala, nayo ndiyo yatakayoamua kama bomba litakaa salama au litapasuka. Kubwa miongoni mwayo ni jinsi chuma kilichofukiwa kinavyosukumana na udongo unaokizunguka, na jinsi wahandisi wanavyojaribu kuutabiri msukumano huo kwa hesabu kabla mtaro haujachimbwa.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye joto. Chuma kikipashwa hurefuka. Vipande vya bomba vikichomelewa siku yenye nyuzi 25, kisha mafuta yakapita kwa nyuzi 55, kila kilomita moja ingerefuka kwa sentimita 36 hivi kama isingezuiwa na chochote. Kwa njia nzima, hizo ni zaidi ya mita 500 za chuma zisizo na pa kwenda. Bomba lililolazwa juu ya ardhi hupewa makona ya makusudi ili lipate nafasi ya kutanuka. Bomba lililofukiwa halina nafasi hiyo. Linazuiwa na udongo tu.

Tani 200 kila upande

Nguvu hiyo inaweza kupigiwa hesabu kwa kalamu na karatasi. Tuchukue tarakimu za kukadiria: bomba la inchi 24 lenye ukuta wa milimita 14, joto lipande kwa nyuzi 30, na bomba libanwe lisirefuke hata kidogo. Chuma hicho kitasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 200. Upande wa pili uko udongo. Kichanga kilichoshindiliwa vizuri, kitovu cha bomba kikiwa mita moja na nusu chini, hulishika kwa msuguano wa takriban tani 1.8 kwa kila mita ya urefu. Ukigawanya, unapata kama mita 110. Huo ndio urefu wa udongo unaohitajika ili msukumo wote wa tani 200 uzuiwe.

Matokeo yake ni ya ajabu. Katikati ya njia, mbali na vituo vya pampu, bomba halisogei kabisa. Linakaa limebanwa kwa mkazo wa kudumu ambao chuma chake kimepimwa kuuhimili. Kinachosogea ni zile mita 110 za mwisho karibu na kituo, pale bomba linapotoka ardhini, na ncha yake hujongea kwa sentimita 2 hivi. Kile kilichotaka kuwa mita 500 za kurefuka, udongo umekifanya kuwa sentimita 2 kwenye ncha.

Sasa tupunguze msuguano kwa nusu. Urefu unaojongea unafika mita 220, na ncha inasogea sentimita 4. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwa macho, lakini valvu, viungo na mihimili ya kituo iliyosanifiwa kwa sentimita 2 sasa inasukumwa mara mbili. Chuma hakijabadilika, joto halijabadilika, mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni udongo peke yake. Hapo ndipo panapoonekana kwa nini mhandisi wa bomba analazimika kuwa mwanafunzi wa udongo.

Kutoka Iowa hadi kwenye kompyuta

Sayansi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Katika jimbo la Iowa, Marekani, wakulima waliokuwa wakikausha mashamba yenye maji walilaza mabomba ya udongo wa kuchoma na ya saruji, na mengi yakawa yanapasuka ardhini. Mhandisi Anson Marston wa chuo cha jimbo hilo alipima uzito unaolikalia bomba lililo mtaroni, na mwaka 1913 akachapisha nadharia yake. Aligundua kwamba bomba halibebi uzito wote wa udongo ulio juu yake, kwa sababu kuta za mtaro hushikilia sehemu ya kifusi kwa msuguano. Mtaro ukichimbwa mpana kupita kiasi, msaada huo hupungua na mzigo wa bomba huongezeka. Mwaka 1941 Merlin Spangler, wa chuo hicho hicho, alionyesha upande mwingine: bomba lenye ukuta mwembamba hubonyea na kutanuka ubavuni, na linaposimama imara ni kwa sababu udongo wa ubavuni unalizuia. Tangu hapo ikawa wazi kwamba udongo ni mzigo wa bomba na papo hapo ni nguzo yake.

Hatua iliyofuata ilihitaji njia ya kuuingiza udongo kwenye hesabu za urefu mzima. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1867 na mhandisi Emil Winkler, kwa ajili ya vitu vingine vinavyolala juu ya ardhi. Alipendekeza udongo uchukuliwe kama godoro la springi, kila springi ikibonyea kivyake kulingana na mzigo uliowekwa juu yake. Wahandisi wa mabomba wakaichukua fikra hiyo na kulizungushia bomba springi za pande nne. Ya kwanza inazuia bomba lisiteleze kwa urefu wake. Ya pili inalizuia lisiende kushoto au kulia. Ya tatu inalizuia lisipande juu, na ya nne lisizame chini.

Kila moja ina tabia yake, na haifanani na springi ya dukani inayovutika bila kikomo. Udongo hustahimili hadi kiwango fulani, kisha huachia. Miongozo inayotumiwa sana duniani, iliyotolewa Marekani mwaka 2001, inaonyesha kwamba mshiko wa urefu huachia mapema mno: milimita 3 kwenye mchanga ulioshindiliwa, na kama milimita 10 kwenye mfinyanzi laini. Baada ya hapo bomba huteleza, na udongo hauongezi upinzani tena. Kwenda ubavuni ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa bomba lazima lisukume kabari nzima ya ardhi. Kupanda juu ni rahisi kuliko kuzama, maana juu kuna kifusi chembamba na chini kuna ardhi yote.

Tarakimu hizo zilipatikana kwa kufukia mabomba halisi. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, miaka ya 1980, Charles Trautmann na Thomas O'Rourke walijaza mchanga kwenye makasha makubwa, wakafukia mabomba, wakayavuta kwa mitambo huku wakipima nguvu na mwendo hatua kwa hatua. Waliubadili mchanga, mara umelegea, mara umeshindiliwa; walibadili kina cha kufukia. Michoro iliyotoka humo ndiyo iliyoingizwa kwenye programu za usanifu. Maabara nyingine hutumia mashine inayozungusha kasha dogo kwa kasi kubwa, ili udongo wa sentimita chache uelemewe sawasawa na udongo wa mita kadhaa.

Leo kompyuta inaweza kufanya zaidi ya springi. Inaweza kuugawa udongo wote unaolizunguka bomba katika vipande maelfu, kila kimoja na uzito, ugumu na unyevu wake, na kufuatilia jinsi kila kipande kinavyosukuma jirani yake. Njia hiyo inaona mambo ambayo springi haziyaoni. Bomba likienda mshazari, juu na ubavuni kwa wakati mmoja, springi za pande mbili hufanya kazi kila moja peke yake, ilhali udongo halisi ni mwili mmoja, na ukishavurugwa upande mmoja unalegea upande wa pili pia. Lakini programu kubwa ina njaa kubwa. Inadai tarakimu nyingi za udongo, na ukiilisha tarakimu za kubuni itakurudishia picha nzuri za rangi zisizo na ukweli. Kwa hiyo swali la msingi halihusu kompyuta. Linahusu udongo gani, wapi, na katika msimu upi.

Kilima, mteremko, mbuga

Swali hilo lilikwisha kuchunguzwa kwenye ardhi yetu wenyewe. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, alifanya kazi mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne. Katikati ya miaka ya 1930, alipokuwa akitayarisha ramani ya udongo ya Afrika Mashariki, aliona kwamba udongo wa nchi hizi hufuata mteremko. Juu ya kilima mara nyingi kuna udongo mwekundu unaopitisha maji. Ubavuni kuna kichanga au udongo wa kijivu. Bondeni kuna mfinyanzi mweusi. Kilima kinachofuata kinarudia mpangilio ule ule. Milne aliuita mpangilio huo katena, na dhana yake ikaingia katika vitabu vya sayansi ya udongo dunia nzima.

Wilaya ya Muheza ni mojawapo ya wilaya ambazo bomba linazipita kuelekea Tanga, na fundisho la Amani linafaa njia nzima. Bomba linapanda na kushuka vilima kwa mamia. Katika kilomita moja tu linaweza kupita aina tatu za udongo zenye mishiko mitatu tofauti. Anayechukua sampuli kwa kuhesabu kilomita, shimo hapa na shimo kule, anaweza kuangukia vilele vitupu na asijue mabonde yana nini. Sampuli inapaswa kufuata mteremko: kileleni, ubavuni, bondeni. Huo ndio uaminifu wa kwanza wa modeli yoyote ya bomba katika Afrika Mashariki.

Wakulima wanalijua hili bila maabara. Usukumani, luseni ni kichanga, itogolo ni ule mgumu wenye tabaka linalozuia maji, na mbuga ni mweusi wa bondeni. Kila jina linabeba habari za maji, ugumu na mpasuko, yaani mambo yale yale ambayo mhandisi anayatafuta kwa kipimo. Mpimaji anayeanza kazi kwa kuzungumza na wazee wa kijiji kuhusu mahali maji yanapotuama na mahali ardhi inapopasuka kiangazi, atajua wapi pa kuchimba mashimo yake kabla hajachukua koleo.

Mbuga inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwenye nyika ya Wembere, upande wa Igunga na Iramba, mfinyanzi huu mweusi huvimba mvua inaponyesha na kusinyaa kiangazi mpaka unafunguka nyufa ndefu. Bomba lililo ndani yake huinuliwa kidogo, likaachwa, likainuliwa tena, mwaka hata mwaka. Mshiko wa Machi haufanani na wa Septemba. Modeli inayotumia tarakimu moja kwa mwaka mzima inaficha msimu mmoja kati ya miwili.

Maji hubadilisha hata mchanga mzuri. Kiwango cha maji ya ardhini kikipanda juu ya bomba, uzito wa udongo unaokandamiza hupungua karibu nusu, kwa sababu maji huubeba kiasi. Msuguano unategemea uzito huo, hivyo nao hushuka karibu nusu. Ile nusu niliyoitaja kwenye hesabu ya kituo cha pampu, basi, ni msimu mmoja wa masika katika bonde lenye maji.

Kwa mabomba ya gesi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ndani yake hakuna uzito wa mafuta. Bomba la inchi 36, kama lile lililozinduliwa mwaka 2015 kuleta gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, husukuma kando zaidi ya kilo 650 za maji kwa kila mita. Tukichukulia ukuta wa milimita 16, chuma chake kina uzito wa kilo 350 hivi. Tofauti hiyo inamaanisha kwamba kwenye bonde la mafuriko bomba la namna hiyo linataka kuelea, na haliwezi kuachwa bila kuongezewa uzito wa zege au kuzamishwa chini ya kifusi cha kutosha.

Pale mshiko unapodhuru

Hadi hapa udongo umekuwa ukisaidia kwa kushika. Yapo maeneo ambapo kushika huko ndiko kunakolivunja bomba, nayo ni pale ardhi yenyewe inapohama.

Mtikisiko wa mawimbi ya tetemeko, kwa kawaida, hauliui bomba la chuma lililochomelewa vizuri. Linatikiswa pamoja na ardhi, kisha vyote viwili vinarudi mahali pake. Kinachoua ni uhamaji usiorudi: miamba iliyopasuka ikaenda kila upande njia yake, mlima ulioporomoka, mchanga uliojaa maji ukalainika na kutiririka. Udongo ukihama huku umelishika bomba, unalivuta liende nao.

Agosti 17, 1999, tetemeko la Kocaeli nchini Uturuki lilipasua ardhi na kusogeza upande mmoja karibu mita 3. Huko Kullar, mpasuko huo ulilikata bomba la maji la chuma lenye kipenyo cha mita 2.2. Bomba lilikuwa limekaa kwa pembe iliyofanya uhamaji ulibane badala ya kulivuta. Ukuta wake ulijikunja na maji yakavuja. Kullar imekuwa darasa kwa watafiti, kwa sababu modeli zao zinaweza kupimwa dhidi ya jambo lililotokea kweli. Chuma kikivutwa huvumilia sana. Kikibanwa hujikunja mapema. Pembe ambayo bomba linaukatia mpasuko inaweza kuamua kila kitu.

Alaska, Marekani, walifanya jambo jingine. Bomba kubwa la mafuta la jimbo hilo linavuka mpasuko wa Denali. Wasanifu wa miaka ya 1970 waliamua kwamba hapo bomba lisifukiwe. Walilitoa ardhini na kulilaza juu ya mihimili mirefu ambayo linaweza kuteleza juu yake. Novemba 3, 2002, tetemeko la ukubwa wa 7.9 lilihamisha ardhi chini ya bomba kwa zaidi ya mita 4. Bomba liliteleza juu ya mihimili, na hakuna mafuta yaliyomwagika. Miaka zaidi ya 25 kabla ya tetemeko, mtu alikaa chini na kupiga hesabu ya jambo ambalo pengine asingeishi kuliona.

Njia ya EACOP inaanzia karibu na Bonde la Ufa la magharibi na kulivuka la mashariki. Machi 20, 1966 tetemeko la Toro lilipiga Uganda magharibi. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, mkoa ambao bomba linapitia linapoingia Tanzania, na kuua watu wasiopungua 17. Bomba linalovuka mpasuko kwa kufukiwa hulindwa kwa hatua zinazojulikana: mtaro mpana wenye kuta za mteremko, kifusi cha mchanga uliolegea kisichong'ang'ania, ukuta wa bomba mnene zaidi, na pembe itakayolivuta badala ya kulibana. Angalia jinsi mahitaji yanavyogeuka. Karibu na kituo tunataka udongo ushike kwa nguvu. Kwenye mpasuko tunataka uachie upesi. Kwa sababu hiyo mhandisi makini hapigi hesabu moja. Anapiga ya mshiko mkubwa unaowezekana na ya mshiko mdogo unaowezekana, na bomba lazima lipone katika zote mbili.

Maporomoko yanadai umakini ule ule. Machi 1987, matetemeko nchini Ecuador yaliporomosha milima iliyokuwa imelowa mvua, na makumi ya kilomita ya bomba kuu la mafuta la nchi hiyo yakaharibiwa. Usafirishaji wa mafuta ulisimama kwa miezi. Sisi tuna Hanang. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka mlimani yaliufunika mji wa Katesh, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mkoa huo uko kwenye njia ya bomba. Ramani ya miteremko inayoweza kuachia ina uzito sawa na ramani ya mipasuko.

Kinachoamuliwa mtaroni

Modeli bora kabisa inaweza kuharibiwa kwa alasiri moja ya kufukia vibaya. Kwenye hesabu tumeandika kichanga kilichoshindiliwa. Mtaroni, saa kumi na moja jioni, mvua ikikaribia, kinachorudishwa kinaweza kuwa mabonge ya mfinyanzi na mawe. Jiwe lenye ncha hutoboa gamba la plastiki, unyevu hupenya, na kutu huanza chini ya povu mahali ambapo jicho halifiki. Mabonge huacha mapengo ubavuni, na bomba hukosa ile nguzo aliyoieleza Spangler.

Kufunika nako kuna hesabu yake. Bomba la mfano wetu likipita juu ya mgongo wa kilima uliopinda kwa nusu kipenyo cha mita 100, zile tani 200 za mbano hulisukuma kwenda juu kwa karibu tani 2 kwa kila mita. Kifusi cha mita 1.2 juu ya bomba, pamoja na uzito wa bomba lenye mafuta, hupinga kwa zaidi ya tani 3. Bomba linatulia. Mvua za miaka michache zikila nusu ya kifusi hicho, upinzani unashuka hadi karibu tani 1.6. Sasa msukumo umeushinda upinzani, na bomba linaanza kuinuka kutafuta hewa. Hapa nimeacha shinikizo la mafuta, ambalo huongeza msukumo zaidi. Korongo dogo la mvua, ambalo mpita njia angeliruka bila kuwaza, linaweza kuwa ndilo linalomaliza kazi ya wahandisi wote waliotangulia.

Mmomonyoko huo unaanza na matumizi ya ardhi. Mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi ambamo bomba limepita, unahitaji majani yenye mizizi na matuta ya kugawa maji. Mkulima anayelima kwa kufuata mteremko juu ya mkuza, na mkandarasi anayeondoka bila kurudisha majani, wote wawili wanapunguza zile tani 3 za upinzani.

Vifaa vya kuangalia vipo. Mkongo wa nyuzi za kioo ukilazwa sambamba na bomba unaweza kuhisi joto lililobadilika na ardhi inayovutika. Kifaa kinachosukumwa ndani ya bomba pamoja na mafuta kinaweza kupima umbo lake na kuonyesha kama limepinda tangu kilipopita mara ya mwisho. Taarifa hizo zina thamani pale tu zinaporudishwa kwenye modeli, hesabu ikapigwa upya kwa udongo kama ulivyo leo.

Mabomba huishi kuliko ajira za walioyajenga. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lilianza kazi mwaka 1968 na bado linatumika, sasa likipitisha dizeli. Waliolifukia wengi wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Kinachobaki ni kumbukumbu: udongo gani ulikutwa wapi, kina gani kilifikiwa, kifusi gani kilirudishwa. Kumbukumbu hizo zikipotea, mrithi wa bomba anabaki na kisio.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa dhati. La kwanza ni kwa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, upande wa Tanzania na mamlaka ya petroli upande wa Uganda: modeli ya bomba na udongo iwe nyaraka hai, ipimwe upya kila baada ya masika makubwa, tetemeko au poromoko, na mwendeshaji atakiwe kuonyesha matokeo. La pili ni kwa wamiliki wa miradi na vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi Makerere: takwimu za udongo zilizochimbwa kwa gharama kubwa katika njia hii ziwafikie wanafunzi na watafiti, ili mbuga na luseni vipate michoro yao badala ya kukopa tarakimu za mchanga wa maabara za ng'ambo. La tatu ni kwa jirani wa bomba. Ukiona kifusi kimeliwa na maji, ufa mpya kwenye mteremko, au ardhi imeinuka juu ya mkuza, toa taarifa kijijini siku hiyo hiyo. Tofauti ya sentimita 60 za udongo inatosha kuliinua bomba, na wewe ndiye utakayeiona kwanza.